Asali ya Kweli, Mrinaji wa Uongo

Jumatatu, 3 Machi
Dawa ya presha, uji, kisha kamera. Mjukuu wangu Restituta amenifunga kaniki tena, amenishikisha kienge cha kufukizia nyuki. Miaka yote nilifundisha jiografia. Sijawahi kupanda mti kurina. Asali anayoiuza mtandaoni anainunua kwa warinaji wa Inyonga. Asali ni halisi. Feki ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Video imesambaa. Ndani yake nasema, "Nilitupa vidonge, nikashika asali." Maneno kayatunga Restituta, mdomo ni wangu. "Babu, mtandaoni hawanunui asali, wananunua stori." Nilicheka. Nilipenda kusifiwa. Naandika haya kwa sababu siku zangu ni chache, daktari hakunificha.

Ijumaa, 7 Machi
Melania kapiga simu kutoka Usevya. Mumewe Dezideri nilimfundisha darasa la sita. Kaacha dawa za presha tangu anione kwenye video. "Nikimsema, ananiambia Mwalimu hawezi kudanganya." Kwao neno la mwalimu bado ni neno. Nikasema tu ampeleke zahanati. Ukweli sikuutoa. Mwoga mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia Melania mara nne. Haipatikani. Mtandao, au msiba? Nimemwambia Restituta aifute ile video. "Ukikanusha, biashara imekufa. Nyie mnaondoka, sisi tunabaki." Baadaye akaniletea maji, macho mekundu. Watu bado wanaitazama.

Jumapili, 9 Machi
Padri kaniletea komunyo. Kwanza nikaungama. Akauliza kama Dezideri anajua. Hajui. "Basi, Mwalimu, hujamaliza."
Nikamwita Restituta ashike simu. Bila kaniki. Kitandani, vidonge kiganjani. Nikasema: mimi si mrinaji, dawa sijaacha hata siku moja, Dezideri mwanangu, meza dawa zako. Nikakohoa katikati. Akataka turudie. Nikakataa. Aliishika simu muda mrefu, kisha akairusha video mtandaoni.

Jumanne, 11 Machi
Melania kapatikana. Dezideri kalazwa tangu Jumamosi. Mkono wa kushoto hauinuki. Anaongea, dawa anameza. Kaiona video mpya. Nikauliza kasemaje. "Hajasema kitu, Mwalimu."
Ile ya kwanza Restituta kaifuta mwenyewe. Mchana kutwa kakaa barazani, anawaandikia wateja mmoja mmoja: asali imetoka wapi, nani kairina. Wengi hawajibu. Anaendelea kuandika. Mvua imeanza. Nimeomba dirisha liachwe wazi.