Wavumaji Wawili wa Chati Yako

Mama Nasra, mke wangu,

Salamu zikufikie hapo kaburini ulipolazwa, katika ardhi hii ya Guangzhou, China, uliyoijia kwa biashara tu. Leo siwezi kukaa kitako mpaka nikueleze. Chati yako ya ndege inapigwa chapa kesho, na nusura iharibike.

Kilichokuuma nakijua: watoto wa kwetu wanasomeshwa ndege wavumaji wa Amerika bila kuona hata picha zao. Ukaniambia, "Mwalimu, nichagulie wawili wasiofanana." Nikakuchagulia. Mmoja wa Kuba, mdogo kuliko ndege wote duniani; ukimwona utadhani nyuki mnene. Wa pili wa milima ya Andes, mdomo wake mrefu kuliko kiwiliwili, hata manyoya hujisafisha kwa kucha, maana mdomo haugeuki kuyafikia. Yule mdogo hunyonya vijiua vifupi. Huyu ameumbiwa maua marefu kama tarumbeta, ambayo wengine hawafiki chini yake. Ukaitazama picha yake ukasema, "Huyu mwenye mdomo ni wifi yangu mtupu." Nikafunga mlango, dada yangu alikuwa sebuleni.

Basi juzi Nasra kaleta sampuli kutoka duka la chapa, mtaa wa Yide Lu. Rangi safi, kila ndege kwa ukubwa wake halisi kama ulivyotaka. Yeye kashaikubali, na mimi nikaisifu. Nikaendelea na chai yangu, lakini kitu kikawa kinaniwasha. Nikaitazama tena. Wote wawili wamekaa juu ya kijiti, wameinama wananyonya, kama ndege chozi wa kwetu kwenye ua la mgomba.

Mvumaji hanyonyi hivyo, Rukia. Husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga hata yasionekane, na akishiba hurudi kinyumenyume. Ukimkalisha kijitini, umemfundisha mtoto ndege mwingine.

Nikatoka na kandambili zangu, Nasra nyuma yangu. Laoban, yule mama mwenye duka uliyekuwa ukimwita shoga, ndiye aliyechora. Akanivuta dirishani, akanionyesha mti wenye maua mekundu. Juu yake chozi wa Guangzhou, mkia umegawanyika ncha mbili, ametulia kijitini ananyonya.

"Si huyu huyu, baba?" akaniuliza Laoban.

Hapo nikaelewa. Yeye kachora chozi wa kwao, sisi tukamwona chozi wa kwetu, na sote tukaridhika. Nikamweleza. Akatikisa kichwa: meiyou, hakuna muda, kontena la kwenda kwetu linafungwa wiki hii. Nikanyanyua mikono, nikaanza kupiga mabawa katikati ya duka.

Nasra akaziba uso. "Baba, watu wanatazama."

"Waache watazame, watajifunza."

Laoban akacheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza kama hii ndiyo kazi ya Rukia. Nikamwambia ndiyo, ya mwisho. Hakusema tena meiyou. Akavuta kiti, akafuta vijiti vyote viwili.

Asubuhi hii kaniletea picha kwenye simu. Wako hewani wote, mke wangu: mdogo kwenye kijiua chake, mwenye mdomo kwenye tarumbeta lake, na chini ya miguu yao hakuna kitu.

Pumzika, Rukia. Chati ya kwanza nitakwenda nayo mwenyewe Makunduchi, shule uliyosoma. Nitaibandika chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la kwanza, na atakayeuliza nitamjibu mpaka achoke yeye.

Mumeo,
Mwalimu