Mume Wangu Amebakiwa na Wimbo wa Mwanamke Mwingine

Mpendwa mshauri Bi Rahel, shikamoo kama umenitangulia kuzaliwa, na kama mimi ndiye mkubwa basi ipokee hivyo hivyo, maana mwenye shida hachagui wa kumwamkia. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, kwa sababu nina wajukuu na jambo ninalokuandikia ni wivu.

Naitwa Hidaya, na mume wangu ni Sufiani. Hapa Kihonda watu wanamjua kama fundi makochi, lakini zamani, kabla hajanioa, alikuwa mwimbaji wa Bondwa Jazz, bendi ya vijana wa hapa hapa Morogoro ambayo haikudumu, vyombo viliharibika na wenyewe wakatawanyika, huyu kwenye miwa, yule kiwandani, na kilichobaki ni wimbo mmoja tu waliorekodi redioni, unaitwa Winfrida, na nina hakika nikikuanzishia utaumalizia. Siku hiyo walirekodi na nyingine, ila hakuna anayezikumbuka, hata mimi mkewe siwezi kukuimbia hata moja, lakini huo ukipigwa kwenye vipindi vya zilipendwa mafundi wa gereji ya jirani wanaacha spana zao wanaupokea, "Winfrida, usiende mbali, mvua ya mlimani haipigi hodi." Arusini ukiwekwa wazee wote wanainuka, na mume wangu anabaki kwenye kiti anaangalia soda yake, ukimuuliza mbona huchezi wimbo wako anakwambia miguu inauma.

Nilipoolewa nilimuuliza huyo Winfrida ni nani, akasema ni jina tu, limekaa vizuri kwenye muziki, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini, tena majirani wageni walidhani wimbo ni wangu, wakawa wananitania kwa jina hilo na mimi nacheka, mpaka siku tulipokwenda msibani Mkuyuni, Thobias aliyekuwa akipiga besi kwenye bendi yao akaninong'oneza kwamba shemeji, yule mama anayepakua wali ndiye mwenye wimbo. Ni binti wa katekista wa kule Matombo, walipendana na Sufiani, baba yake akakataa kumtoa kwa Mwislamu, wakaachana, kila mtu akaolewa na kuoa kwake. Nilirudi nyumbani sikumwambia mume wangu kitu, naye hakuniambia kitu, tukalea watoto wetu, tukajenga, nikalimeza. Nilidhani limeshasagika tumboni.

Mwaka huu kiharusi kikamwangusha karakanani akiwa na nyundo mkononi. Upande wa kulia umekufa na maneno yamekwenda, Bi Rahel, yote, anafungua mdomo inatoka "a, a" halafu machozi. Binti mmoja wa mazoezi pale hospitali akanieleza kwamba maneno ya kusema na ya kuimba hayakai mahali pamoja kichwani, kwa hiyo nimwimbishe kila siku huenda ulimi ukafunguka. Nilianza na kasida alizozijua tangu madrasa, hakuna. Nikajaribu nyimbo za harusi, hakuna. Siku moja redio ya jirani ikapiga wimbo ule na mume wangu akaupokea, wote, beti zote, kwa sauti ile ile, imechakaa kidogo tu, na mimi nimesimama mlangoni na beseni la maji.

Tangu siku hiyo ndiyo lugha yake. Hawezi kusema maji, hawezi kusema Hidaya, ila hilo jina anaweza. Akiwa na kiu ni Winfrida, akitaka kugeuzwa ni Winfrida, akijichafua ni Winfrida, na anayemgeuza na kumsafisha na kumlisha uji kwa kijiko ni mimi. Kibaya zaidi, nikiwa nimekaa karibu naye na hana shida ananyamaza kimya, lakini nikitoka tu kwenda uani kufua, au nikichelewa dukani, ndipo anaanza kuimba kwa nguvu mpaka majirani wanasikia, na nikiingia anakata. Nikajua anamwimbia mwenzake kwa siri na akiniona anaona haya. Jirani mmoja naye akaniambia hivyo hivyo, kwamba wanaume mioyo yao haizeeki.

Halafu mtoto wetu Sabra alipokuja kutoka Dodoma akamrekodi kwa simu, akalia, akawatumia ndugu, ndugu wakawatumia wengine, sasa watu nisiowajua wanabisha hodi wanataka kumwona yule mzee wa Winfrida, wanamshikia simu usoni. Na huyo Winfrida mwenyewe rekodi hiyo ikamfikia. Ni mjane sasa, anauza ndizi Mkuyuni. Akamtuma Thobias kwangu, anaomba kuja kumjulia hali mgonjwa, lakini mpaka mimi niseme ndiyo.

Siku ile ujumbe ulipofika nilikuwa nimefua mashuka tangu alfajiri, mgongo unaniuma, nikasikia ndani ameanza, "Winfrida, usiende mbali." Niliingia nikamwambia, "Mimi siyo Winfrida. Ukitaka maji, mwite yeye akuletee." Akaniangalia. Jicho lake moja ndilo linalolia, lingine limekauka.

Bi Rahel, tangu siku hiyo hajaimba. Hata nikimwekea wimbo hapokei, anageuzia uso ukutani, uji anautema, na daktari amesema kifua kimeanza kuchafuka na kiharusi cha pili hakiko mbali. Watoto hawajui nilichosema, wanadhani ugonjwa ndio umezidi. Thobias anasubiri jibu. Nikimkatalia yule mama, nitaonekana sina utu, maana mgonjwa hafungiwi watu. Nikimruhusu, naogopa ataingia tu na Sufiani atafungua mdomo, atacheka, atamwimbia, na mimi niliyemzalia na kumuuguza nitakuwa nimesimama pembeni. Hapo nitakuwa nimeishi na nani miaka yote hii? Nifanye nini?

Ni mimi, Hidaya, Kihonda, Morogoro.

Mshauri anajibu:

Marahaba, Hidaya. Nimekuzidi, tena si kwa kidogo, kwa hiyo nitakuita mdogo wangu na utanivumilia nitakapokugombeza. Sikucheki. Wivu haustaafu, na wako una mizizi, wala si wa kuuonea aibu. Umemuuguza mtu mzima kwa mikono yako, umeosha kinyesi huku ukisikia jina la mwingine. Mimi ningekuwa nimeshavunja kitu. Pole, mdogo wangu, pole sana.

Sasa nikugombeze. Mtu ana mdomo uliobakiwa na kipande kimoja tu cha maneno, na hicho nacho umemnyang'anya. Najua ulikuwa umechoka, lakini yeye hajui habari ya mashuka. Anachojua ni kwamba alikuita na wewe ukamwambia amwite mwingine.

Ndiyo, alikuita wewe. Isome barua yako mwenyewe, maana uliiandika kwa hasira na hukuisikiliza. Unasema ukiwa umekaa naye ananyamaza. Ukitoka anaimba. Ukichelewa anaimba kwa nguvu zaidi. Ukiingia anakata. Nimelea watoto na nimeuguza mama yangu mzazi, na mtu mwenye haya hafanyi hivyo. Nilichoona ni mtu anayemwita mtu wake, na akishafika hana tena sababu ya kuita. Na maneno anayoita nayo ni yapi? Usiende mbali. Hidaya, yule Winfrida wa Mkuyuni hajaenda popote, hayumo humo chumbani. Aliyekuwa akienda mbali ni wewe na beseni lako. Huyo jirani anayekwambia mioyo ya wanaume haizeeki mwambie aje afue mashuka, hapo atakuwa amesaidia.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisemi hakumpenda Winfrida. Mtu hatungi wimbo wa namna ile kwa ajili ya jina lililokaa vizuri. Huenda alimpenda sana, huenda kila alipokaa na soda yake arusini alikuwa akimkumbuka, na huenda alikuwa amechoka tu kukumbukwa kwa kitu kimoja kana kwamba maisha yake mengine hayakuwepo. Sijui. Wewe nawe ulikuwa na miaka mingi ya kumuuliza akiwa na ulimi, ukaogopa, naye akaogopa kukwambia. Sasa hilo limefungwa. Hutalijua, mdogo wangu, na utalia kwa ajili ya hilo, nami siwezi kukuzuia.

Ninachokijua ni kwamba yule mama hakutuma salamu za chini kwa chini. Amemtuma mtu mzima, mlangoni kwako, kuomba ruhusa kwako wewe mwenye nyumba. Mwizi haombi ufunguo. Naye mfikirie kidogo: maisha yake yote ameimbwa na walevi, na mafundi gereji, na wajomba wa watu, na mwenye kuutunga hajamtia machoni isipokuwa misibani. Hakuomba kuimbiwa. Ameomba kumjulia hali, kama anavyojuliwa hali mgonjwa yeyote.

Kwa hiyo mpe Thobias jibu leo. Waje wawili, mchana, siku ambayo Sabra yupo. Mkaribishe wewe, kiti mpe wewe, chakula pika wewe, na ukae humo humo chumbani, si jikoni ukitega sikio. Wasikae sana, kifua hakitaki makelele. Na wale wenye simu zao wasikanyage tena hapo mlangoni. Mumeo si dansi la bure, na Sabra umwambie hivyo kwa ukali, ingawa alilia kwa mapenzi.

Mume wako akimwona akatabasamu, mwache atabasamu. Usimpime uso. Mtu anayekaribia kuondoka ana haki ya kufurahi kumwona yeyote aliyemjua akiwa kijana. Akilia, mfute machozi wewe, ndiyo kazi yako na hakuna atakayekupokonya.

Ila kabla ya wageni hao, kabla hata hujaandaa uji wa jioni, ingia chumbani na ufunge mlango. Kaa upande ule anaouona. Mwombe radhi kwa mdomo wako, umtaje kwa jina lake, umwambie ulichoka. Anasikia, usidanganywe na ulimi. Kisha uanzishe ule wimbo wewe mwenyewe. Unaujua wote, umeusikia kuliko mtu yeyote nchini, na nina hakika hujawahi kumwimbia hata mara moja. Utakukwama kooni, imba hivyo hivyo. Huenda hatapokea. Huenda umechelewa, sikufichi, na ukiwa umechelewa itabidi uishi nalo, mradi awe amekusikia.

Na Mungu akimpa nguvu, siku yoyote, ukiwa uani na mikono imejaa povu, ukamsikia anaita "Winfrida", usimsahihishe tena. Sema abee, uende.