Chapati Hataki Sanduku, Aristides Hamtaki Garini

Mpendwa Mama Sabaha, shikamoo. Naomba uniokoe kabla sijapoteza mchumba au mbwa, maana wote wawili nimewapata mwaka huu na wote nawapenda mpaka nacheka peke yangu kazini. Mbwa ni mtoto bado, anaitwa Chapati, nimepewa na jirani yetu Bi Shobhana, na mchumba ni Aristides wa kiwanda cha nguo, basi Jumamosi akaazima Volkswagen ya kaka yake twende Feri kununua samaki, mimi nimempakata Chapati, madirisha wazi, tunaimba, tulipokaribia mnadani Chapati akanusa samaki akaniponyoka, akajipenyeza miguuni kwa Aristides mpaka chini ya breki, Aristides akaogopa kumkanyaga, akakata usukani, gari likapanda mchangani likazimika, alipofungua mlango tu Chapati huyooo, akachomoka na kutumbukia kwenye beseni la pweza la mama mmoja, Aristides akamfuata mbio, akateleza, akakaa humo humo na suruali yake mpya ya bugaluu! Watu walicheka, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, ndipo akakasirika, akasema, “Angelina, huyu akipanda tena gari, mimi nashuka.” Sasa mwisho wa mwezi tunaenda Morogoro kutambulishwa kwa wazazi wake na sina wa kumwachia Chapati, nikamfungia kwenye sanduku la sabuni nililopewa duka la ushirika ili azoee kusafiri humo, akalia mpaka mwenye nyumba, Mzee Zahoro, akagonga mlango: “Binti, unachinja nini humo?” Nifanyeje, Mama?

Angelina, Kariakoo

Mwanangu Angelina, marahaba. Nimecheka mpaka miwani imeanguka, lakini sasa nisikilize, maana mngeweza kumuua yule mama wa pweza. Mbwa hapakatwi kwenye gari linalotembea. Basi!

Na hilo sanduku umelifanya jela. Mtoto ametengwa na mama yake juzi tu, unamfungia gizani, halafu unashangaa analia? Tafuta sanduku analoweza kusimama na kugeuka ndani, lenye matundu ya hewa. Tandika kanga yako kuukuu, mwekee chakula humo, mlango uache wazi, aingie mwenyewe. Akizoea, funga kidogo ukiwa umekaa naye, fungua kabla hajaanza kulia, kesho yake ongeza. Mtoe akojoe kwanza. Na usimfungie kwa hasira, hata akitafuna kiatu.

Likishakuwa chumba chake, lihamishie kiti cha nyuma, lifunge kwa kamba lisiteleze. Mkae garini kwanza injini imezimwa, siku nyingine mzunguke mtaa mmoja. Siku ya safari usimshibishe kabla ya kuondoka, simameni njiani anywe maji, na msimwache garini juani hata kwa dakika moja.

Aristides hamchukii Chapati. Angemchukia asingekata usukani. Ana aibu, ulimcheka mbele ya soko zima! Kamwombe radhi, fua hiyo bugaluu, kisha mwombe akutengenezee sanduku. Akikuuliza tu mlango uwe na upana gani, ujue Morogoro mnaenda watatu.