Matairi Uliyoniachia Kando ya Chai

Mjukuu wangu Kiprono,

Huna haya. Nimeanza na hilo nisije nikalisahau nikikusalimia. Unanitumia picha za viatu vyako vipya huko Nairobi, na mimi hapa Boito nikifungua mlango wa jikoni nasalimiwa na rundo la matairi yako.

Unakumbuka babu yako akikata akala, vile viatu vya tairi? Wewe ulikalia tairi lisiteleze, yeye anavuta kisu. Soli zikatoka, kamba zikatoka, kilichobaki ng'ombe wakanywea maji. Alikuambia, "Tairi ni kama ng'ombe. Ukichinja, usiache kitu uwanjani." Nawe ukamuuliza, "Babu, sasa hii tunaikamulia wapi?" Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa ya mursik ya wageni.

Mtoto huyo aliyejua kisu ndiye aliyeshika kiberiti. Ulianza kazi ya pancha barabarani, ukajaza boma langu matairi makuukuu, halafu ukayachoma upate waya uuze chuma chakavu. Tena asubuhi ya kuchuma, upepo ukielekea kwenye chai! Wewe uliyelelewa ndani ya chai, hukujua jani linanyonya harufu kama kibuyu?

Pale kituo cha kununua chai, karani alishika konzi moja, akanusa. "Mama, hii ni majani ama ni lori?" Watu wakacheka. Akanusa ya Mama Chebet, jirani yetu, akanusa ya majirani wa chini. Kicheko kikaisha. Magunia yote yalirudishwa, tukayamwaga. Wewe kesho yake ukapanda gari, hata kwaheri hukusema.

Mama Chebet alilala kwangu wiki nzima tulipomzika babu yako. Siku hizi ananisalimia kwa kichwa, kama mtu wa sokoni. Na karani mpaka leo ananusa gunia langu kabla ya kupima. Ya wengine hanusi. Nasimama hapo na mvi zangu, nanuswa kama mwizi.

Matairi uliyobakisha yamejaa maji ya mvua na mbu. Kuna fundi wa akala huko Kaplong, amesema atayachukua yote.

Kwa hivyo tafuta lori, uje mchana, watu wakuone. Kwangu usiingie kwanza. Anza kwa Mama Chebet, umwombe msamaha ukiwa umesimama. Halafu upakie matairi kwa mikono yako, moja moja. Kisu cha babu yako nimekinoa, utaenda nacho kwa fundi. Kiberiti kiache hukohuko.

Kogo, nyanya yako aliyekulea