Feni Yenye Kigugumizi

Gare, 14 Januari 2024

Mwanangu Loveness,

Onga mshi, nakusalimu kwa Kisambaa chetu. Huku tuna uzima, ila magoti yangu yananuna kila nikipanda kwenda kanisani. Ile homa yako imeondoka? Mbu wa Tanga hawana adabu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaongea kama unafukuzwa. Kaushio la matunda ulilonitengenezea ni zuri, sola inafanya kazi, lakini feni ina kigugumizi. Inavuma, inakatika, inavuma, inakatika. Mapeasi yananyauka upande mmoja, upande wa pili yanaota ukungu. Baba yako mdogo Danieli alichungulia jana, akacheka mpaka akashika mlango. Amesema mavuno haya nayo yakioza, anakata mipeasi yote ya marehemu baba yako apande kabichi. Shamba ni la ukoo, neno langu peke yangu halitoshi. Mwanangu, miche ile nilimshikia baba yako akiipanda. Sitaki kuiona ikiwa kuni.

Mama yako

Tanga, 19 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Homa imekwisha, nakula mpaka mwenye nyumba ananishangaa. Pole na magoti.

Usihangaike, tatizo ni dogo. Kati ya kile kiboksi cha kuongozea na feni hakuna chujio. Mwite fundi redio aweke chujio kwenye waya wa buluu, feni itatulia. Baba mdogo apumzishe shoka lake. Naishia hapa, basi linaondoka na kondakta ananikodolea macho.

Mwanao Loveness

Gare, 25 Januari

Loveness,

Mimi mzima, ila moyo si mzima.

Fundi sikumwita. Nimsumbue mtu wa watu kwa kitu kilichopo jikoni? Nimechukua chujio la chai, lile alilonipa Yudith wa kwaya, nikauviringisha ule waya wa buluu juu yake, nikafunga na kamba. Feni bado ina kigugumizi, na sasa chai yangu imejaa majani.

Danieli alikuja akaona. Safari hii hakucheka. Alikwenda ukingoni mwa shamba akaangusha mpeasi mmoja, eti anajaribu makali ya shoka. Nililia, mwanangu, nililia kweli. Iliyobaki ameipa muda mpaka mwisho wa mavuno.

Mama yako

Tanga, 28 Januari

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Nilipofika kwenye chujio la chai nilicheka hadi machozi. Nilipofika kwenye mti, machozi yakawa ya kweli. Mafundi tuna lugha yetu, tunasahau kwamba chujio la watu wengine ni la chai.

Sasa sikiliza. Kiboksi hakijui kutoa umeme nusu. Kinajua kuwasha na kuzima tu, upesiupesi. Kikitaka upepo mdogo, kinawasha kidogo na kuzima zaidi. Feni nayo inangoja umeme uliotulia, uwe wa juu au wa chini, basi inachanganyikiwa. Ni kama bomba letu linavyokohoa maji. Ukiyapitisha kwenye mrija mwembamba yaingie kwenye pipa lenye tundu dogo chini, pale tunduni yanatoka bila kukohoa. Bomba likitoa kwa muda mrefu zaidi, pipa linapanda. Likikatika zaidi, linashuka.

Ndani ya bahasha hii kuna mrija na pipa. Mrija ni rezista, kile kidogo chenye mistari ya rangi. Pipa ni kapasita, kile cha duara chenye miguu miwili. Zima sola kwanza. Kata waya wa buluu, unga rezista hapo katikati. Upande wa feni, unga na mguu mrefu wa kapasita. Mguu mfupi, wenye mstari mweupe ubavuni, uende kwenye waya mweusi. Usigeuze miguu, Mama, kapasita hupasuka.

Mwanao Loveness

Gare, 16 Februari

Mwanangu,

Samahani kwa ukimya, nilikuwa nimezama kwenye mapeasi. Sote wazima, hata magoti.

Macho yangu hayakuuona huo mstari mweupe. Nikatafuta wa kunisaidia, aliyekuwepo ni Danieli peke yake. Akaisoma barua yako kwa sauti, taratibu, na alipofika kwenye pipa akasema, "Kumbe ni pipa!" Nyaya ameziunga yeye, mimi nikimwangalia mikono. Tulipowasha sola, feni ilivuma kwa upole, huuu, mfululizo. Danieli akazungusha kile kirungu cha kiboksi, upepo ukapanda. Akakirudisha, ukashuka. Nikamwambia shemeji, acha sasa, si mwanasesere huyo.

Mapeasi yamekauka yote sawasawa, matamu, yananata vidoleni. Nimekutumia kifuko kwa kondakta, na ole wake akionja.

Leo Danieli hayupo. Amekwenda Lushoto mjini kutafuta mche wa mpeasi wa kuziba lile pengo. Amenikataza nisikuandikie, eti anaona haya.

Mama yako