Nilinyamaza Alipokuwa Akipima Mchele

Mshauri wetu,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla hujachoka na mwandiko wangu nasema mapema kwamba nina wivu, tena wivu wa mtu mzima wa miaka hamsini na minne, na wivu wenyewe si wa mwanamke ninayemtaka, ni wa mwanamke anayepika pilau.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, shule niliishia darasa la nne. Mke wangu Siwema alifariki Julai mwaka jana, wakati wa baridi kali, na kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye alikuwa mpishi wa shughuli zote za mtaa wetu, arusi, khitma, Maulidi, watu wawe thelathini au mia mbili, na hakujua kuandika hata jina lake. Kila watu kumi alifunga punje moja ya hindi kwenye pindo la kanga, na kwa kila punje alipima vibaba vitatu vya mchele kwa kopo lake la bati, na kopo lile alilijaza tele, si mfuto, yaani hakupitisha kiganja juu kusawazisha kama wafanyavyo wenye maduka, aliuacha mchele upande kama kichuguu mpaka punje zinaanguka pembeni, na zilizoanguka aliziokota mojamoja huku akinisimulia nani kagombana na nani sokoni. Mpaka leo nikifagia uani nikaona punje ya mchele siifagii, naiokota.

Basi siku ya arobaini yake alipika binti mmoja, Mwantumu, mzaliwa wa Iringa, mume wake anafanya kazi ya reli kule Iyunga. Binti huyu amejifunza hesabu katika kisomo cha watu wazima na anapika na daftari pembeni, anaandika watu wangapi, mchele kiasi gani, nyama kiasi gani, anazidisha, anagawanya, ndipo anawasha moto. Pilau ikatoka nzuri, Mshauri, siwezi kusema uongo, na mtu mmoja aliyekaa karibu nami akaramba vidole akasema, "Huyu binti kiboko! Hata marehemu mwenyewe hakufika hapa." Kwenye arobaini yake, na chakula cha arobaini yake kikiwa bado mdomoni. Tangu siku hiyo nikisikia Mwantumu ameitwa kupika mahali nasikia kama wanamzika Siwema mara ya pili.

Mwaka huu Maulidi ilikaribia, tukakadiria watu mia mbili, na Mwantumu alikuwa hajawahi kupikia wengi namna hiyo, akaja kwangu na daftari lake akapiga goti, akasema, "Shikamoo, Baba. Nimekuja kuazima kibaba cha marehemu Mama, na unipe vipimo vyake. Nataka watu waonje mkono wake." Nikamwambia vibaba vitatu kwa watu kumi. Akaandika, akasema, "Mara ishirini, vibaba sitini. Na karafuu je, Baba? Nikizidisha mara ishirini si watu watakula dawa ya meno?" Nikacheka bila kutaka, nikamwambia ukweli kwamba karafuu Siwema aliongeza kidogokidogo huku akinusa. Lakini habari ya tele sikuitaja, na hapo naweza kusema nilisahau.

Ila siku ya kupika sikusahau. Tulikuwa uani kwa Mzee Halfani, ambaye ndiye msimamizi wa Maulidi, mimi nimeshika mdomo wa gunia, Mwantumu akachota kibaba cha kwanza na kupitisha kiganja juu, mchele ukawa sawa na ukingo wa kopo. Nikaona. Akachota cha pili vilevile, na cha tatu, na mdomo wangu haukufunguka mpaka vikatimia sitini.

Wali ukapungua, watu arobaini wakakosa, na waliokosa ndio wageni waliotoka Mafinga na lori la mbao, waliokuwa wamekaa mwisho kwa adabu zao, na haikuwezekana kupika tena kwa sababu lori lilikuwa linawasubiri, wakanywa chai wakaondoka. Mzee Halfani akasema mbele ya watu, "Leo tumepikiwa namba." Mwingine akadakia, "Mwantumu, wali wa wageni umebaki kwenye daftari? Pakua basi!" Watu wakacheka, na bibi mmoja akasema, "Angekuwapo Siwema haya yasingetokea," na wengine wakaitikia, kweli, kweli. Mshauri, nilifurahi. Jioni ile yote nilifurahi, nikalala vizuri kuliko usiku wowote tangu Julai.

Siku ya pili Mwantumu akarudisha kopo, amelisugua kwa jivu mpaka linang'aa, akasema, "Nisamehe, Baba. Nimemwaibisha Mama. Hesabu zimenishinda." Tangu hapo ameacha kisomo chake cha kila Jumatatu, na mwalimu wake ananiambia alikuwa wa kwanza darasani, na arusi ya wifi yake itakayofanyika Iyunga mwezi ujao wamempa mpishi mwingine, na mume wake amemwambia daftari liwe la kuwashia moto.

Sasa furaha imeniisha. Nikisema, nitaonekana mimi ndiye niliyeharibu Maulidi, lakini hilo si kubwa, kubwa ni kwamba baada ya Maulidi watu wameanza tena kumtaja Siwema kwa sifa, wanamtaja dukani, wanamtaja kisimani, na nikisema ukweli watanyamaza. Je, nikimpelekea binti kitenge na kumwomba arudi darasani bila kueleza zaidi, haitoshi?

Muharami, Mwanjelwa, Mbeya, Aprili 1976

Bwana Muharami,

Pole kwa kufiwa. Ipokee hiyo pole vizuri, maana chini yake nina maneno mengine.

Haitoshi. Kitenge atakivaa huku akiamini kwamba yeye ni mjinga.

Nimechukua kopo langu jikoni nikapima. Vibaba vinne vya tele vimetoa vitano vya mfuto. Kwa hiyo vile sitini vya Mwantumu ni arobaini na nane vya mke wako. Gawanya kwa vitatu, ni kumi na sita. Mara watu kumi, ni watu mia moja na sitini. Mlikuwa mia mbili. Waliokosa umeniandikia mwenyewe ni arobaini. Bwana, hesabu ya yule binti haikukosea hata mtu mmoja! Kilichopungua pale uani ni neno lako.

Unasema ulinyamaza, kana kwamba ni mara moja. Kiganja kilipita mara sitini mbele ya macho yako. Hata kwenye cha hamsini ungeweza kusema, "Mwanangu, simama kidogo," na wageni wa Mafinga wangekula.

Tena unawaona hawa wawili kama maadui. Siwema alikuwa anafanya nini na zile punje za mahindi? Punje ishirini, kila punje vibaba vitatu: hiyo ni kuzidisha, ndugu yangu. Mke wako alipiga hesabu miaka ishirini na miwili, na mtu wa kwanza kutaka kuiandika isipotee ni huyu uliyemwacha achekwe. Alikupigia goti ili watu wamkumbuke mkeo. Na wale wanaosema "angekuwapo Siwema" wamemfanya fimbo ya kumchapia mtoto wa watu. Mwanamke aliyeokota mchele punje kwa punje angependa sifa ya namna hiyo? Wewe ulimjua, mimi sikumjua. Jibu mwenyewe.

Naelewa unaogopa asahauliwe. Sikucheki kwa hilo. Lakini umechagua njia mbaya ya kumhifadhi.

Fanya hivi. Usimwendee Mwantumu kwa siri. Aliaibishwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Mwombe Mzee Halfani awaketishe watu Ijumaa hii baada ya sala, na mume wa Mwantumu awepo. Chukua kopo na mchele, upime tele, upime mfuto, wajionee. Kisha sema, "Nilimwona anasawazisha, nilijua si hivyo, nikanyamaza kwa wivu." Ishia hapo. Habari za msiba wako usizitie, ukizitia watakuhurumia wewe na kumsahau yeye. Wale wa Mafinga waandikie barua kwa jina lako, si kwa jina la kamati. Wakwe wa Iyunga waendee kwa miguu yako kabla hawajamlipa mpishi mwingine.

Huenda Mwantumu asikusamehe. Ni haki yake, usimkere kwa kumfuatafuata. Lakini akikuuliza lolote kuhusu upishi wa Siwema, mpe lote.

Jumatatu kuna darasa. Pita mlangoni utazame. Ukimkuta amekaa kwenye benchi lake, rudi kwenye cherehani yako. Ukikuta nafasi yake iko wazi, nenda tena kwa mume wake, na Jumatatu inayofuata utazame tena.