Nilidhani Ninajua Kwa Nini Ulinificha

Flemingdon Park,
Toronto, Kanada.
17 Novemba 2012.

Mpendwa kaka Leonce,

Shikamoo. Najua barua hii itakushangaza, maana tangu mlipomzika Baba mwaka 2004 sijakuandikia zaidi ya kadi za Krismasi. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi Paskazia hajambo? Senene wameshaanza kuanguka huko Kamachumu? Mimi ni mzima. Bado nahudumia wazee katika kituo kilekile, na baridi imeshaanza kuniuma vidole nikingoja basi.

Tangu Septemba, kila Jumamosi asubuhi nakwenda darasa la bure la falsafa hapa mtaani. Usicheke. Nilifuata chai na joto, nikawakuta Wayunani wa kale.

Mwalimu wetu, mama mstaafu aitwaye Reena, alianza na mtu wa Mileto, mji wa Wayunani, aliyeishi zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano iliyopita. Mtu huyo aliuliza vitu vyote vimetokana na nini, akajibu: maji. Jibu halikuwa sahihi, lakini alikuwa ameitafuta asili ya ulimwengu kwa akili yake, bila kuishia kwenye hadithi za miungu. Waliomfuata wakabishana. Mmoja akasema kila kitu hubadilika bila kutulia. Mwingine akasema kilichopo kweli hakibadiliki kamwe, ni macho tu yanayotudanganya. Hapo likazaliwa swali lililonikosesha raha: kama macho hudanganya, tunajuaje kwamba tunajua?

Wiki ya nne mwalimu alitaka kila mmoja ataje jambo moja analolijua kwa hakika. Wenzangu wakataja jua, hesabu, majina ya watoto wao. Mimi sijui nini kilinishika. Nilisema, "Ninajua kwamba kaka yangu alinificha ugonjwa wa baba yetu ili nisiwepo wakati wa kugawa shamba."

Ninakaa karibu na mzee Madatali, Mwismaili wa Mwanza aliyekuwa na duka la dawa kule. Akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili, "Mama, alikuambia hivyo mwenyewe?"

"Hapana."

"Kuna aliyemsikia akisema?"

"Hapana. Lakini kungekuwa na sababu gani nyingine?"

"Basi hilo unalidhani. Hujalijua."

Nilikasirika, kaka. Jumamosi mbili sikwenda. Lakini somo lilikuwa limeshaniingia: Wayunani walitenga dhana na maarifa. Dhana, hata ikiwa kweli, haijawa maarifa mpaka uweze kuonyesha sababu yake. Nami nilikuwa nimeishi miaka minane juu ya dhana.

Ndipo nikampigia simu shangazi Adventina, nikamwuliza waziwazi. Akaniambia Baba mwenyewe ndiye aliyekuapisha. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado kwa maofisa. Ningetoka Kanada, nisingeweza kurudi. Baba alisema, "Mkimwambia Dorotea atapanda ndege. Mwacheni." Akakukataza kunieleza hata baada ya yeye kufa, nisije nikajilaumu kwamba nilichagua karatasi nikamwacha. Sehemu yangu ya shamba, kumbe, unaipalilia mwenyewe kila msimu.

Kwa hiyo nusu ya dhana yangu ilikuwa kweli: ulinificha. Sababu niliitia mwenyewe, kisha nikaiita ujuzi.

Siku ya msiba nilikutukana kwenye simu, na watu wa nyumbani wakasikia. Ungeweza kujisafisha kwa sentensi moja, hukujibu neno. Nisamehe, kaka yangu. Usimlaumu shangazi kwa kuvunja siri, nilimbana mimi.

Nimerudi darasani. Mzee Madatali alinisogezea kiti.

Msalimie sana wifi Paskazia, na mwanao Valerian, ambaye nasikia sasa anafundisha. Shangazi Adventina mwambie nampenda. Mungu aliyekaa nawe kando ya kitanda cha Baba asiondoke nyumbani mwako.

Limebaki jambo moja ambalo sitaki kulikisia. Siku zile za mwisho, Baba aliniulizia? Wewe ulikuwepo. Lolote alilosema, niandikie.

Mdogo wako akupendaye,
Dorotea